Magogo ya Minazi Baada ya Dhoruba

(Yafuatayo ni mazungumzo ya Bwana Shamba mmoja wa Mwambao mbele ya wakulima na watumishi wa Serikali wilayani Bagamoyo. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi wa Visiwani wenye mashamba ya minazi.)



Sikuja kuzungumzia upepo, kwa kuwa upepo hupita kwa siku moja au mbili. Nimekuja kuzungumzia miezi inayofuata, ambayo mara nyingi hututia hasara kubwa kuliko dhoruba yenyewe.

Mwambao wetu hupigwa na vimbunga mara chache, lakini hupigwa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Unguja na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Hapa Bagamoyo kiliharibu vibaya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambayo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya Unguja ililala chini. Pemba ilisalimika, na baada ya hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Karibuni zaidi, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kututahadharisha, na vyombo vya baharini kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa.

Asubuhi baada ya dhoruba, jambo la kwanza ni usalama wa watu. Waya wa umeme uliolala chini uhesabiwe kuwa una moto hadi mafundi waseme vinginevyo. Mti uliong'oka pamoja na mizizi ni mtego: ukikatwa shina, kisiki kinaweza kuinuka ghafla na kurudi shimoni. Watoto wasiruhusiwe kabisa kucheza katika shimo hilo. Aidha, mwenye msumeno wa moto asifanye kazi peke yake.

Sasa nije kwenye minazi. Mnazi ulioanguka huanza kuoza, na gogo linalooza ndiyo nyumba ya uzazi ya chonga. Jike hutaga mayai humo. Mabuu hula uozo ule bila kumdhuru mtu. Lakini baada ya miezi kadhaa hutoka wadudu wakubwa weusi wenye pembe, nao hupanda minazi iliyosimama na kutoboa kileleni. Makuti yanayofunguka baadaye huonekana kana kwamba yamekatwa kwa mkasi. Kwa kuwa mnazi una kilele kimoja tu, kilele kikifa, mti wote umekufa.

Nakiri kosa langu. Nilipokuwa kijana kazini nilimshauri mzee mmoja ayaache magogo yake yaoze yawe mbolea. Alinisikiliza, kwa kuwa nilitumwa na Serikali. Minazi aliyopoteza kwa chonga baadaye ilikuwa mingi kuliko ile iliyoangushwa na upepo, na mzee yule hakunilaumu, jambo ambalo lilinitia haya zaidi.

Hivyo basi, gogo la mnazi lisikae shambani. Lililo zima lipasuliwe mbao mapema kabla halijaingia ukungu. Sehemu ya nje ya shina, hasa upande wa chini, ni ngumu na hufaa kwa paa na samani, bali ya ndani ni laini. Lisilofaa kwa mbao lipasuliwe, likaushwe na kuchomwa mahali pa wazi, mbali na miti mizima. Visiki visivyong'oka vifunikwe kwa mimea itambaayo jamii ya kunde, maana chonga hupata taabu kukifikia kisiki kilichofunikwa. Marundo ya samadi nayo yageuzwe mara kwa mara na mabuu yaokotwe, kuku watayamaliza.

Tafadhali msiuchome moto shamba zima kwa hasira ya kusafisha. Kwenye miembe na michungwa wanaishi maji moto, wale siafu wekundu wa juu ya miti wanaotuuma wakati wa kuchuma. Wadudu hao huwafukuza kunguni wa minazi, ambao huangusha nazi changa. Anayechoma makazi ya maji moto amemwondoa askari wake.

Si kila mti ulioinama umekufa. Mnazi mkubwa ulioegemea, ikiwa mizizi yake bado imeshika, utapinda kuelekea juu na kuendelea kuzaa. Mwembe mchanga usimamishwe ndani ya siku chache, udongo ukiwa bado mbichi, upunguzwe matawi na kufungwa kwenye nguzo. Tawi lililochanika likatwe mahali penye uzima, wala lisiachwe likining'inia.

Mikoko iliyoanguka ufukweni ni mali ya hifadhi, na haichukuliwi bila kibali, hata kama imelala mlangoni pako.

Mwisho, kabla ya kukata chochote, hesabu miti yako iliyoanguka kwa aina zake na uandikishe idadi hiyo kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, au kwa Sheha kwa walioko Visiwani. Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na ofisi haiwezi kukadiria hasara ya miti ambayo tayari imekuwa majivu. Nazi za mbegu chagueni kutoka minazi iliyostahimili upepo, nayo iwekeeni alama ya chokaa wiki hii hii, wakati bado mnaikumbuka.