Mchoro Hauishi kwa Kugawanywa

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka, juu ya kazi za sindano za siku ya posho

Mama Prezida wetu, wazee, wamama na wababa wa chama, na nyinyi wafadhili mutakaosoma maneno haya katika buletini,

Komite iliniomba niseme juu ya kikundi cha sindano kinachokutana kila siku ya posho mchana. Wanachama wenyewe wameleta maswali mawili. La kwanza: mtu aliyejifunza mchoro wake kwa jasho, je, analazimika kuuonyesha kwa wengine, hata kwa wale tunaowaita "wasiokimbia"? La pili: je, tuache kukutana kwa kushona tu na kuonyeshana, ile posho igeuzwe atelie ya komande? Mimi ni mtoto wenu wa tereni, natembea na vikundi vya kushona kati ya hapa na Mboko. Nitajibu wazi, kisha mkutano utaamua.

Tuanze na watu. Ukikaa katika duara ile dakika kumi, utajua nani alivuka ziwa na nani alibaki, hata kabla hajataja kijiji chake. Aliyetoka Lugufu ao Nyarugusu anasema cherehani. Aliyebaki anasema mashini. Huyu anasema kitenge, yule anasema kikwembe. Huyu kroshia, yule kroshe. Huyu alijifunza kudarizi kambini, kwa uzi aliofumua katika sweta za mitumba. Yule alijifunza katika foye sosiale kabla ya vita, na siku ya kukimbia alichomeka sindano yake katika nguo aliyovaa ili isipotee. Nasikia tunasema "wasiokimbia". Ndugu zangu, walikimbia. Ila nyinyi mulielekea ziwani, wao walielekea milimani.

Meli za kurudisha watu zilipoanza kutoka Kigoma kufika hapa Baraka mwaka 2005, na kambi ya Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, kila upande ulikuta mwenzake amebadilika. Kuna wamama wawili katika duara yetu ambao familia zao zinagombania shamba moja mpaka leo. Kesi haijaisha, na siyo sindano itakayoimaliza. Lakini siku ya posho mmoja anashika upande huu wa blanketi, mwingine anashika upande ule, na kazi inaendelea. Sijaona mahali pengine wanapokaa pamoja.

Sasa tuje kwenye michoro. Mama mmoja aliniambia: "Mwanangu, nikimwonyesha ua hili siku ya posho, siku ya soko atakuwa amekaa mbele yangu na ua lile lile, ameshusha franka mia tano." Sitamwita mchoyo. Wivu wa kazi hauanzi na roho mbaya, unaanza na chungu kisicho na kitu. Na jambo analolisema linatokea, nimeliona sokoni kwa macho yangu.

Lakini tuangalie vizuri nini kilichoshusha bei. Kitambaa cha meza kinatandikwa hadharani. Kila apitaye anakiona, na mshonaji mwenye jicho kali akikitazama mara mbili anaenda kukifanya nyumbani. Mchoro hauna mlango wa kufunga. Aliyeuchukua kwa jicho hana deni kwako: hakujui, hamjaongea, naye anauza kwa bei anayotaka. Aliyefundishwa na mkono wako, huyo ana deni. Ana deni la heshima, na ana deni la bei, kwa sababu siku ile ulipomfundisha mulihesabu pamoja uzi ni ngapi, siku ni ngapi, na chini ya kiasi gani mtu anajiumiza mwenyewe. Anayeficha anapata washindani asiowajua. Anayefundisha anapata watu wa kupatana nao.

Tena, mteja halipii mchoro peke yake. Tuliwahi kufanya jaribio: wamama saba walichora ua moja kwa kadibodi ile ile, kila mmoja akaenda kulidarizi nyumbani. Posho iliyofuata yalirudi maua saba tofauti. Mmoja alijaza majani kwa mshono wa mnyororo, mwingine alizungusha shina tu na kuacha ndani wazi. Mmoja alivuta uzi sana kitambaa kikakunjamana. Mmoja aliweka rangi ya chungwa kando ya zambarau, sote tukanyamaza kwa uzuri wake. Mchoro ulikuwa mmoja, mikono ilikuwa saba. Mkono haukopiwi.

Na kazi hii ya pamoja si kitu cha kigeni katika inchi yetu. Kule Kasai, Wakuba wanajulikana duniani kwa nguo za rafia. Wanaume wanafuma, wanawake wanadarizi. Sketi ya sherehe ya mwanamke inaweza kuwa na urefu wa mita kadhaa, imeunganishwa kwa vipande vingi, na kwa desturi wanawake wa ukoo mmoja waliifanya pamoja, kila mmoja na kipande chake. Rafia mpya ni ngumu, kwa hiyo inatwangwa ili ilainike, na ikitwangwa inatoboka. Wataalamu wanaeleza kwamba viraka vya kwanza viliwekwa kwa kuziba matundu yale, halafu viraka vyenyewe vikawa pambo. Leo mtu anatazama nguo ile hajui tena wapi palitoboka.

Blanketi letu la vipande limetufundisha hivyo hivyo. Kwa wale ambao hawajaliona, nieleze namna linavyofanywa, ili nanyi mulijaribu.

Unaenda kwa washonaji wa soko kuomba vipande vya vitenge wanavyotupa. Unachagua vya pamba. Vile vya nailoni vinateleza na vinaungua na pasi. Unavifua kwanza, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke safi, kwa sababu rangi nyekundu moja isiyofuliwa inaweza kuharibu kazi ya miezi miwili. Unakata kadibodi ya sentimita 12 kila upande, na kwa kipimo hicho unakata vipande vyako ukifuata uzi wa kitambaa. Ukikata kwa mshazari, kipande kinavutika na pembe hazitakutana. Kila upande unaacha sentimita 1 ya mshono, kwa hiyo kipande kikishashonwa kinabaki na sentimita 10. Vipande 12 kwa upana na 18 kwa urefu ni vipande 216, na hilo ni blanketi la sentimita 120 kwa 180, linamtosha mtoto mkubwa na mdogo wake.

Kila mstari ukiisha, unapiga pasi ya makaa. Chini unatandika shuka la zamani, katikati blanketi lililochakaa, juu vipande vyako. Unapiga bandi kwanza ili matabaka matatu yasitembee. Kisha unashona ukianzia katikati kuelekea kando. Ukianza kando, mikunjo yote inakimbilia katikati na hakuna mahali pa kuitoa.

Sasa niambieni: nani katika nyumba yake ana vipande 216 vya rangi zinazopatana? Hakuna. Mmoja ana bluu nyingi, mwingine ana njano, mwingine alibaki na pindo la nguo ya harusi ya dada yake. Ujanja wa kutumia blanketi chakavu katikati tuliupata kwa wamama waliobaki. Ule ukingo wa kroshia unaozuia kando zisichanike tuliupata kwa waliotoka kambini. Kama upande mmoja ungefunga mkono, tungekuwa na blanketi jembamba, ao blanketi linalochanika. Njo maana nasema mchoro hauishi kwa kugawanywa.

Swali la pili, la atelie. Hapa naongea pia na wafadhili.

Mwaka uliopita shirika moja lilileta komande ya mifuko, yote iwe sawasawa. Wamama walifurahi, na feza ililipa karo za watoto. Sitadharau feza ile hata kidogo. Lakini majuma yale siku ya posho ilinyamaza. Hakuna aliyeonyesha kitu kipya, kwani hapakuwa na kitu kipya cha kuonyesha. Wamama wazee watatu walirudishiwa mifuko yao kwamba mishono haifanani, na hawakurudi tena katika duara. Rapoti ilihesabu mifuko. Wale watatu hawakuhesabiwa popote.

Jambo hili limepita kwa wengine pia. Kule Alabama, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kijiji cha watu weusi waliotokana na watumwa wa shamba la pamba. Wamama wa pale wameshona mablanketi kwa vizazi vingi, kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1966 ulianzishwa katika eneo lile ushirika wa Freedom Quilting Bee, ukashonea maduka makubwa, na maduka yalitaka kila kitu kifanane. Kazi ile iliwaletea mshahara waliouhitaji sana. Lakini mablanketi yaliyoonyeshwa katika makumbusho ya Houston mwaka 2002, na kuchapwa katika stempu za posta ya Marekani mwaka 2006, ni yale yaliyoshonwa nyumbani, kila mama na mkono wake. Komande ililisha nyumba. Ile kazi ya nyumbani ndiyo iliyolea ufundi. Ukikata mti wa pili ili kuni zitoshe kwa mti wa kwanza, mwaka ujao huna hata mmoja.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne.

Moja: posho ibaki posho. Komande ziwe na siku yake, tuseme siku ya tatu, na anayetaka kazi ya komande aje siku hiyo.

Pili: mchoro unaoletwa katika duara ni wazi kwa kila aliyekaa pale, aliyevuka na aliyebaki. Ila komande ni ya aliyeileta. Yeye ndiye anaita wenzake na kugawa kazi, na bei ya chini tunaipanga pamoja, tukihesabu uzi, kitambaa na siku. Anayeshusha chini ya hapo ataitwa na wamama wenzake.

Tatu: tutengeneze kitambaa cha mifano cha chama. Wengi wetu hawaandiki mchoro kwenye daftari, na picha za simu zinapotea simu ikiibiwa. Kila mwanachama alete kipande cha sentimita 12 chenye mshono ao ua analolijua vizuri kuliko yote, na kwenye pembe aweke alama yake ndogo, hata msalaba ao jani. Tutaviunganisha, kitambaa kitakaa ofisini kwetu, na msichana anayeanza ataweka kidole juu ya mshono na kuuliza ni wa nani, aende kwa huyo kufundishwa. Ndugu zetu waliobaki Nyarugusu, na wale waliopelekwa Amerika wanaotutumia picha za kazi zao kwa WhatsApp, nao wakipata mtu wa kumpa, watume vipande vyao.

Nne, na hili ni la wafadhili: munaponiuliza kikundi kinahitaji nini, musitarajie niseme mashini kumi. Mashini zikija, aksanti. Lakini tunahitaji kwanza miwani ya kusomea. Baada ya miaka 40 hivi, macho ya karibu kila mtu yanaanza kushindwa kuona kitu cha karibu. Wamama wanaacha kuja wakisema mkono umezeeka. Nimewatazama: mkono haujazeeka, ni tundu la sindano lisiloonekana. Leteni miwani ya nguvu mbalimbali, kila mama ajaribu mwenyewe ipi inamfaa. Leteni uzi usiochuja rangi, makasi yanayokata kitambaa bila kukitafuna, na taa ya jua kwa wanaoshona baada ya chakula cha jioni. Na katika rapoti, pamoja na mifuko, tuulizeni pia: mwezi huu nani alimfundisha nani? Hesabu hiyo nitawapa kwa furaha, kwa majina ya michoro.

Wale wamama watatu nimewatembelea nyumbani. Wawili wamekubali kuja tena kama posho itabaki posho. Wa tatu anasubiri kusikia mkutano huu umeamua nini.

Anayekubali, posho ijayo alete kipande chake cha sentimita 12, kimefuliwa na kupigwa pasi. Kadibodi za kupimia ziko kwa katibu.