Kidonda cha Homa Puani Si Malaria Inayotoka

Leo tunazungumza juu ya vidonda vya homa, vile vinavyotokea puani na mdomoni.

Huenda umeyaona haya nyumbani kwako. Mtoto amekuwa na homa siku mbili. Asubuhi unaona malengelenge madogo chini ya pua yake, yamekaa pamoja, yamejaa maji. Yanapasuka, yanakuwa kidonda chenye gaga. Jirani akimwona anasema, "Usijali, mama. Malaria imetoka puani. Sasa atapona."

Tafadhali usikubali neno hilo. Kidonda hicho huletwa na virusi viitwavyo hapesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu watu 2 kati ya kila 3 walio chini ya miaka 50 wanavyo. Wengi wetu tulivipata tukiwa wadogo, kwa kubusiwa na mtu mwenye virusi hivyo. Vikishaingia mwilini havitoki. Hulala ndani ya mishipa ya fahamu, kisha huamka mwili unapochoka, unapopigwa na jua kali au unapopata homa.

Homa yoyote yaweza kuviamsha: ya malaria, ya nimonia, hata ya mafua. Kwa hivyo kidonda hakikuambii homa imetoka wapi, wala hakikuambii kwamba imekwisha.

Hapa kwetu Kakamega malaria iko mwaka mzima. Mtoto akiwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake, awe na kidonda au asiwe nacho. Akipatikana na malaria, amalize dawa zote alizopewa, hata akianza kucheza kabla hazijaisha. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege au akilala bila kuamka vizuri, usingoje kuche. Mkimbize hospitali.

Sasa, kidonda chenyewe tukitibu vipi? Kwa kawaida hupona chenyewe kwa wiki moja hadi mbili. Kioshe polepole kwa maji safi, ukipake Vaseline kidogo kisipasuke. Mtoto akisikia uchumvu au maumivu, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini. Usipake dawa ya meno, majivu, wala krimu za ngozi zenye steroidi, kwani hizo zaweza kufanya virusi vienee. Dawa za kuua bakteria nazo haziui virusi.

Iko dawa ya virusi hivi, inaitwa asikloviri, ya kupaka na ya kumeza. Husaidia zaidi ikianzwa mapema, pale ngozi inapoanza kuwasha au kuchoma. Muulize daktari au muuguzi kama mtoto wako anaihitaji.

Angalia pia rangi ya gaga. Likiwa la manjano kama asali na vidonda vinaenea usoni, au vidonda viko ndani ya pua, huenda ni bakteria. Hao wana dawa yao tofauti. Mpeleke zahanati.

Mpeleke haraka pia jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, kwa sababu virusi hivi vikiingia jichoni vyaweza kuharibu kuona. Mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi, au aliye na ukurutu, naye asikae nyumbani na kidonda hiki. Vivyo hivyo kidonda kisichopona baada ya wiki mbili.

Jambo la mwisho, nalo ni kubwa. Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja hana nguvu ya kupigana na virusi hivi, na vyaweza kumuua. Wageni wakija kumwona mtoto, mwenye kidonda puani au mdomoni asimbusu. Kama kidonda ni chako wewe mama, nawa mikono kwa sabuni, kifunike, usimbusu, lakini endelea kumnyonyesha, mradi hakuna kidonda kwenye titi. Mtoto mchanga akitokewa na malengelenge yoyote, nenda hospitali saa hiyo.

Basi jirani akikuambia malaria imetoka puani, mjibu kwa upole: "Ngoja kwanza tupime damu." Kwaheri, mama, na mtoto apate nafuu.