Anayesomea Nyumbani Naye Ataingiaje Chuo?

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na vijana, Majengo, Meru)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Masheikh wetu, wazazi, ndugu na dada zangu katika imani. Nimepewa robo saa kabla ya adhana ya Magharibi, na najua matumbo yanaunguruma, basi niingie kwenye mada.

Hapa Meru, na kule Embu ninakosoma, tuna vijana ambao hawako shuleni lakini wanasoma. Mmoja alitoka kidato cha pili karo ilipokosekana. Mwingine anafundishwa na mamake mezani. Mwingine alipelekwa madrasa ya bweni, akahifadhi, akapata thanawi, mashaallah. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, hilo tulijue. Lakini kijana akishafika miaka 17, kulaumiana hakumsaidii.

Kuna dada mmoja tunayemsaidia. Thanawi anayo, Kiarabu chake kinatiririka, na anataka uuguzi. Tatizo ni kwamba KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wanauliza nambari ya KCSE. Thanawi imewafikisha ndugu zetu wengi Madina, alhamdulillahi, lakini ukitaka Chuka, Embu au pale Nchiru, mlango ni KCSE. Basi lazima aufanye kama mtahiniwa wa kibinafsi. Unakwenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, wanakuelekeza kituo, na ada unalipa mwenyewe. Usajili huwa mapema mwaka, kwa hivyo anayengoja "baada ya Idi" huenda akakuta umefungwa. Tena kumbukeni, darasa la mwisho la 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na KCSE yao ni 2027. Muda si mwingi.

Kiingereza, Kiswahili na hisabati ni lazima. Kiarabu na IRE kwake ni kama maji ya kunywa, na zote zinahesabiwa, msizidharau! Lakini mwenye kutaka uuguzi hawezi kuikimbia baiolojia wala kemia, na hizo zina mtihani wa vitendo. Nyumbani hakuna maabara. Tulizunguka mpaka mwalimu mmoja akakubali aje Jumamosi. Shahada inataka C+. Akipata C, KMTC wana kampasi Meru na Embu, na stashahada ya uuguzi iko wazi kwake masomo yake yakikubali.

Wazazi, tazameni pia vyeti. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, cha shule kinasema Fatma, na kwetu sisi ni mtu yule yule. Kompyuta haijui hivyo. Rekebisheni sasa, si siku ya kuomba nafasi.

Babake alikuwa na swali lake: huko chuoni binti yangu atasitirika? Wengine walimwona wa zamani. Mimi naona aliuliza haki yake. Tulimchukua mpaka Embu, akazungumza na dada zetu wanaosoma huko, akaona wanapoishi na wanaposwali. Alirudi kimya, na wiki ile ile akatoa pesa za usajili.

Limebaki la HELB. Mkopo ule una riba, na hapa mimi sitoi fatwa, masheikh wako mbele yangu. Ninachoomba ni mtu aulize kabla ya kutia sahihi, na jamaa tuzungumze wazi: kama tunamwambia kijana asichukue, basari iko wapi? Zaka ya msikiti huu inamfikia mwanafunzi?

Dada yetu amesajiliwa, mtihani ni Novemba. Hisabati bado inamsumbua. Nani hapa anaweza kumfundisha saa mbili kila Jumapili, mamake akiwepo? Tuonane baada ya futari, nitakaa pale mlangoni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.