Sumaku na Kihisi cha Hall katika Kuwasha na Kuzima Saketi
Mada kwa semina ya mafundi wa umeme na elektroniki, Chang'ombe, Dodoma



Utangulizi

Sisi tufanyao kazi Chang'ombe na pande nyingine za mji huu twalijua vumbi, kwa kuwa katika miezi mirefu ya kiangazi, upepo unapovuma juu ya uwanda huu mkavu pasipo kizuizi, swichi yoyote ambayo kazi yake yategemea vipande viwili vya metali kugusana, hata ikiwa ilinunuliwa kwa bei ghali, huingiwa na unga mwekundu, huungua kwa cheche, na hatimaye hukataa kuwasha au, jambo lililo baya zaidi, hukataa kuzima. Kusudi la mada hii ni kueleza njia ya kuwasha na kuzima saketi pasipo kugusana, yaani kwa sumaku na kihisi cha Hall. Na rai yangu ni kwamba kihisi hiki chatufaa mno, mradi fundi akitumie kupeleka habari tu, wala asikitwike mzigo.

Asili na tabia yake

Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mwanafunzi aitwaye Edwin Hall alipitisha mkondo wa umeme katika karatasi nyembamba mno ya dhahabu iliyobandikwa juu ya kioo, akaiweka baina ya ncha za sumaku yenye nguvu, akaona volti kidogo ikizuka kati ya kingo mbili zilizo kando ya njia ya mkondo, huku na huku, kwa sababu chembe za umeme zipitazo penye sumaku husukumwa upande mmoja. Katika dhahabu volti hiyo ni hafifu sana. Katika nusukipitishi, ambamo chembe zibebazo umeme ni chache, huwa kubwa zaidi, na ndiyo sababu faida ya ugunduzi huu haikufika mikononi mwa mafundi ila baada ya miongo mingi.

Kihisi cha Hall hutumia tabia hiyohiyo, na kile mashuhuri cha aina ya A3144 kina miguu mitatu. Ukikitazama upande wenye maandishi, mguu wa kushoto ni wa chanya, kuanzia volti 4.5 hadi 24. Wa kati ni wa hasi. Wa kulia ni wa kutolea ishara. Ncha ya kusini ya sumaku ikiukaribia uso huo wenye maandishi, transista iliyomo ndani huufunga mguu wa tatu na hasi. Sumaku ikiondoka, huuachia. Kwa kuwa mguu huo wajua kushusha tu wala haujui kupandisha, ni sharti rizista ya kilo-omu 10 iwekwe kati yake na chanya. Fauka ya hayo, kiwango cha sumaku cha kuwashia ni kikubwa kuliko cha kuzimia, ili sumaku iliyosimama mpakani isiifanye saketi iwake na kuzima mfululizo. Wala asihofu mtu usumaku wa dunia, ambao hapa kwetu ni takriban theluthi moja ya gausi, ilhali kihisi hiki hudai makumi hata mamia ya gausi.

Mfano: tangi la maji

Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka katika visima vya Mzakwe, na aghalabu huja kwa zamu, hata nyumba nyingi zina tangi chini na tangi juu, na pampu baina yake. Tusimamishe ndani ya tangi la juu bomba la plastiki lililozibwa chini. Ndani ya bomba tuweke vihisi viwili, kimoja karibu na chini na kimoja karibu na juu. Nje yake tuvishe boya lenye sumaku, lipande na kushuka pamoja na maji. Maji hayavigusi vihisi, lakini sumaku hupenya plastiki bila ya taabu.

Ishara ya kihisi cha chini iende mguu wa 2 wa aisii ya 555, na ya kihisi cha juu iende mguu wa 4, kila moja na rizista yake, na mguu wa 6 ufungwe na hasi. Boya likifika chini, mguu wa 3, ulio wa kutolea, hupanda na pampu huwaka. Boya likiondoka hapo, aisii hukumbuka amri na pampu huendelea, mpaka boya lifike juu na kuizima. Kapasita ndogo kati ya mguu wa 4 na hasi huhakikisha kwamba umeme ukikatika na kurejea, pampu huanza ikiwa imezimwa, isipokuwa boya liko chini.

Mipaka ya kuchungwa

Mguu wa ishara wa kihisi hustahimili miliampea 25 tu. Basi pampu isifungwe nao kamwe: 555 iamrishe rilei, rilei iamrishe kontakta, na koili ya rilei ivishwe dayodi kinyumenyume, kwani koili izimwapo hurudisha volti kali iuayo transista. Nguvu ya sumaku nayo hupungua upesi kadiri inavyokwenda mbali, hata umbali ukiongezeka maradufu yaweza kubaki sehemu moja ya nane. Na sumaku za kawaida za neodimiamu hudhoofika zikipata joto la zaidi ya nyuzi 80.

Hitimisho

Kanuni hiyohiyo ya Hall hutumika katika mota zisizo na brashi za bajaji za umeme, ambazo aghalabu zina vihisi vitatu vya kuarifu rota iko wapi. Kwa hiyo fundi aliyekielewa kihisi cha tangi amekwisha kuanza kuielewa kazi inayokuja. Nawasihi wenzangu tupime kila kihisi kwa mita na sumaku kabla ya kukilehemu, tuutie alama upande wa kusini wa kila sumaku iliyo karakanani, na tuwafundishe wanagenzi wetu kutenganisha saketi ya ishara na saketi ya nguvu tangu siku yao ya kwanza.