Nauli ya Mama Mjamzito



Leo tuseme la fistula. Jamani, tusifichane: mwenzetu mmoja alikuwa anakaa mwisho wa mkeka kwa sababu mkojo ulimtoka wenyewe, na sisi tukanong'ona amelogwa. Kumbe ni uchungu wa uzazi uliopitiliza bila msaada. Kichwa cha mtoto hubana mpaka nyama za ndani zinakufa, tundu linabaki.

Dokta Catherine Hamlin na mumewe walitoka Australia mwaka 1959 kwenda Addis Ababa kufundisha wakunga, kwa mkataba wa miaka mitatu tu. Mama yule akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 2020! Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula, matibabu bure. Mgonjwa wao mmoja, Mamitu Gashe, hakujua kusoma. Wakamfundisha upasuaji, naye akaja kuwafundisha madaktari.

Mwenzetu tulimchangia nauli kutoka mfuko wa jamii. Alishonwa, akapona, ndiye yule anayeshika daftari pale mbele.

Sasa tunasikia mfuko huo unatakiwa ununue sare. Hapana, akina mama. Sare kila mtu ajinunulie.