Magugu Yenye Sumu: Hatari Haiishi Siku ya Kunyunyiza Dawa

(Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wafugaji wa Kinango, Kaunti ya Kwale)

 

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuandika na kutangaza habari za kaunti. Maelezo ya kitaalamu nitakayoyatoa nimeyapitia pamoja na maafisa wetu wa mifugo, nao wako tayari kujibu maswali. Lakini jambo moja nalijua bila kusomewa na mtu, kwa sababu lilitokea nyumbani kwetu Matuga.

Nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa amenunua mtamba mnadani, na sote nyumbani tulijua kwamba mtamba yule ndiye karo yangu ya sekondari. Kando ya zizi kulikuwa na kichaka cha lantana, ile yenye maua ya waridi na manjano na vitunda vyeusi. Ilikuwa kiangazi. Baba aliazima pampu ya mgongoni, akanyunyiza kichaka chote, akaona kazi imekwisha. Siku nne baadaye majani yalikuwa yamelegea, na malishoni hapakuwa na kitu. Mimi ndiye niliyefungua lango. Hakuna aliyeniambia nisilifungue.

Mtamba aliila lantana ile. Baada ya siku chache akawa anakimbilia kivulini, hali, hacheui. Macho yaligeuka manjano. Ngozi ya pua na masikio ikapasuka kama iliyochomwa. Tulidhani ameuawa na dawa ya baba. Afisa wa mifugo alipokuja alituambia ni sumu ya mmea wenyewe, imeshaharibu ini. Wiki ya pili mtamba akafa. Mvua ziliponyesha, lantana ikachipuka upya.

Ndugu zangu, nimewaeleza haya kwa sababu makosa tuliyoyafanya bado yanafanyika. Lantana ni mgeni kutoka Amerika, aliyeletwa kama pambo na ua wa boma. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wenye malisho ya kutosha kwa kawaida huiepuka. Wanaoila ni wenye njaa, na wageni ambao hawajaizoea, kama mtamba wetu. Na ikishanyunyiziwa dawa, majani hulegea na mnyama huweza kuyala kuliko yalipokuwa mabichi. Sumu yake haiondoki kwa kunyauka. Hata jani kavu linaweza kumdhuru ng'ombe.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tusikimbilie dawa. Kama ni mashina machache, ng'oa kwa jembe pamoja na mizizi wakati udongo umelainishwa na mvua. Dawa ni ya pale kichaka kilipokuzidi nguvu.

Pili, chagua dawa kwa ushauri wa afisa wa ugani. Nunua kwenye agroveti inayotambulika, na hakikisha chupa ina nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za aina hii. Dawa si zote sawa. Yenye glaifoseti huua karibu kila jani bichi inaloligusa, nyasi zako pamoja nalo. Yenye 2,4-D hulenga mimea ya majani mapana na kwa kawaida huacha nyasi, lakini ikipeperushwa na upepo itaharibu kunde, mihogo na pamba ya jirani.

Tatu, chagua wakati. Mmea uliokauka kwa kiangazi haunywi dawa vizuri, na hapo ndipo baba alipoteza pesa zake. Nyunyiza baada ya mvua za masika au vuli kushika, majani yakiwa mapya. Nyunyiza asubuhi upepo ukiwa umetulia, siku isiyo na dalili ya mvua. Kichaka kikubwa usikinyunyize. Kata shina karibu na ardhi, kisha upake dawa kwenye kisiki papo hapo, kabla hakijakauka. Njia hii hutumia dawa kidogo na huokoa nyasi zilizo kando.

Nne, jikinge. Vaa gambuti, glavu, nguo ya mikono mirefu na barakoa. Usioshe pampu kwenye lambo wala mtoni. Chupa tupu isibebe maji wala maziwa, hata ikisuguliwa namna gani.

Tano, na hili ndilo lililonileta hapa: zuia mifugo. Kuna hesabu mbili za siku, na watu wengi hufanya moja tu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye lebo, siku ambazo mifugo haitakiwi kuingia kwa sababu ya dawa. Ya pili haiko kwenye lebo kila mara. Ni siku ambazo gugu linachukua kufa, kukauka na kuondolewa. Lebo ikisema siku saba na lantana bado imelegea siku ya ishirini, lango libaki limefungwa. Fuata hesabu iliyo ndefu. Matawi makavu yakusanye mahali ambapo mbuzi hafiki.

Kisha usiliache eneo tupu. Ndege hula vitunda vya lantana na kusambaza mbegu, kwa hiyo kila msimu wa mvua pita ung'oe miche ingali midogo. Panda nyasi. Ardhi iliyofunikwa na nyasi haiyapi magugu nafasi rahisi.

Ukiona mnyama ameacha kula, macho yamekuwa manjano au ngozi ya pua inapasuka, mwondoe malishoni, mweke kivulini, mpe maji na umwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Majani yaliyobaki tumboni huendelea kutoa sumu hata kama mnyama haili tena lantana. Na usimdunge sindano ya kubahatisha.

Najua wapo watakaosema, kufunga malisho wiki tatu wakati wa shida ni anasa. Ni kweli ni vigumu. Ndiyo sababu tunasema msinyunyize malisho yote kwa mara moja. Gawanyeni sehemu, nyunyizeni moja, mifugo ilishe kwingine. Majirani wapange pamoja, ili mbuzi wa huyu wasiingie kwenye kichaka cha yule.

Nimalizie kwa ombi dogo. Mara nyingi anayenunua dawa ni baba au mama, lakini anayefungua lango asubuhi ni mtoto au kijana wa kuajiriwa. Kabla hujabeba pampu, mwite mchungaji wako. Mwonyeshe kichaka. Mwambie lango hili halifunguliwi mpaka mimi mwenyewe niseme. Ni maneno ya dakika moja. Kwetu hayakusemwa, na mimi nilisubiri mwaka mzima kuingia kidato cha kwanza.

 Maafisa wa mifugo sasa wako tayari kwa maswali yenu.