Safari ya Mgonjwa Kwanza: Mfumo Unganishi wa Taarifa katika Hospitali Kubwa

Oktoba 2002, Hospitali ya Watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilianza kuagiza dawa na vipimo kwa kompyuta. Hospitali nzima ilihama kutoka kwenye karatasi kwa siku sita tu.

Mwaka 2005 madaktari wa hospitali hiyohiyo walichapisha walichokiona. Walifuatilia watoto 1,942 walioletwa kutoka hospitali nyingine, kwa miezi 13 kabla ya mfumo na miezi 5 baada yake. Kabla, waliofariki walikuwa asilimia 2.80. Baada ya hapo wakawa asilimia 6.57.

Si kwamba kompyuta zilikataa kuwaka. Zamani, mtoto mahututi akiwa bado njiani, timu ya gari la wagonjwa iliwasiliana na hospitali kwa redio, daktari akaagiza dawa, na muuguzi akaziandaa kitandani kabla mtoto hajafika. Mfumo mpya haukumtambua mgonjwa mpaka afike mwenyewe na kusajiliwa kikamilifu. Oda iliyokuwa ikiandikwa kwa kalamu kwa sekunde chache sasa ilidai kubofya mara kumi hivi, dakika moja hadi mbili kwa dawa moja. Daktari mmoja akawa wa kompyuta, wakati mtoto alihitaji mikono yote. Wakati huohuo dawa zote zilihamishiwa famasi kuu, hata za kupandisha presha, kwa hiyo muuguzi hakuweza tena kuzichukua pale wodini.

Mwaka 2003 hospitali ya watoto ya Seattle iliweka mfumo wa kampuni ileile iliyoiuzia Pittsburgh, na vifo katika chumba chake cha wagonjwa mahututi havikuongezeka. Oda za dharura zilikuwa zimepangwa kwa mafungu mapema, daktari akaziita zote kwa pamoja. Kampuni moja, matokeo mawili: hoja hiyo ingetosha kuwanyamazisha wanaodhani kazi huisha zabuni inaposainiwa.

Hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles ilijifunza kwa gharama nyingine. Mfumo wake wa dola milioni 34 ulizimwa Januari 2003, baada ya miezi michache, kwa sababu madaktari waliukataa.

Hospitali kubwa za Afrika Mashariki zina sababu nzuri za kuunganisha mapokezi, maabara, famasi, bima na malipo. Faili halipotei, na mapato yanaonekana. Lakini kila muunganisho ni mlango, na mlango una kufuli. Katika hospitali za umma za Tanzania mgonjwa hulipa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo. Maabara ikifungwa mpaka malipo yasomeke, mapato yanalindwa. Saa nane usiku, kwa majeruhi wa bodaboda asiye na ndugu wala kitambulisho, kufuli hilohilo linashika sampuli ya damu.

Kwa hiyo kabla ya kununua seva, kamati ya hospitali ikeshe na wauguzi wa zamu ya usiku, imfuate mgonjwa mmoja kuanzia getini hadi wodini. Iamue nani anaruhusiwa kupita kufuli la malipo bila kusubiri mhasibu, majeruhi asiyejulikana anapewaje namba ya muda, na nani asubuhi ataiunganisha namba hiyo na faili lake halisi, ili vipimo vya usiku visibaki kwa jina la mtu asiyekuwepo.